Mchezo wa Kujenga Dola

Wazee wetu walicheza bao chini ya miembe, wala hakuna aliyewauliza kwa nini watu wazima wenye mvi wanautumia mchana mzima kuhamisha kete katika mashimo thelathini na mawili. Ilijulikana kwamba bao ni shule. Humo mchezaji hujifunza kuhesabu kabla ya kutenda, kustahimili hasara, na kuisoma nia ya mwenzake katika mwendo wa mkono wake. Vijana wa siku hizi wana mabao mengine, nayo yamo ndani ya kompyuta. Baadhi yake ni upuuzi mtupu usiostahili hata ukurasa mmoja wa kitabu. Lakini mengine yametungwa kwa akili nyingi, na kitu kilichotungwa kwa akili nyingi hustahili kusomwa kama kinavyosomwa kitabu, yaani kwa heshima na kwa tahadhari pamoja.

Katika insha hii nataka kuuhakiki mchezo mmoja wa namna hiyo, uitwao Civilization VI. Sababu ya kuuchagua ni swali nililoulizwa. Jioni moja baada ya masomo niliwakuta wanafunzi wanne wameizunguka kompyuta moja, wakiucheza mchezo huu kwa kupokezana. Mji wao ulikuwa umevamiwa na kundi la watu wenye marungu, ambao mchezo huwaita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya washenzi. Askari wa vijana wale wakawashinda wavamizi, wakaivunja kambi yao, na dhahabu ikaongezeka katika hazina. Wote walishangilia isipokuwa mmoja. Yeye ni mtoto wa wafugaji, na babu yake alihama na ng'ombe maisha yake yote kufuata maji na majani. Akanigeukia akasema, "Mwalimu, babu yangu hakujenga mji. Katika mchezo huu angekuwa nani?" Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Nilimwambia, "Nipe muda, mwanangu, nilitafakari." Haya ninayoyaandika ndiyo jibu langu.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe, maana si haki kumhukumu mtu kabla ya kuusikia usemi wake. Mchezo wa kwanza wa ukoo huu ulitungwa na Sid Meier na Bruce Shelley, ukatolewa Marekani na kampuni ya MicroProse mwaka 1991. Toleo la sita, ambalo ndilo ninalolihakiki, lilitengenezwa na kampuni ya Firaxis, likatolewa mwaka 2016, na mtungaji wake mkuu alikuwa Ed Beach. Toleo la saba lilifuata mwaka 2025, lakini la sita ndilo nililowakuta nalo wanafunzi wangu. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kuukumbuka ukoo huu. Toleo la nne, la mwaka 2005, lilifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili uitwao "Baba Yetu", ambao muziki wake ulitungwa na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata heshima hiyo. Basi lugha yetu imekwisha kupigiwa hodi na ukoo wa mchezo huu. Inatupasa nasi tuutazame mgeni wetu vizuri.

Civilization VI ni mchezo wa zamu, kama bao. Mchezaji hutenda, kisha hungoja wenziwe watende, na hapana anayeshinda kwa wepesi wa vidole. Uwanja wake ni ramani ya dunia iliyogawanywa katika vitalu vyenye pembe sita, na sehemu kubwa ya ramani hiyo hufichwa mpaka mchezaji apeleke watu kuipeleleza. Mchezo huanza mwaka 4000 kabla ya Kristo. Mchezaji hupewa kete mbili tu: walowezi na askari. Walowezi hujenga mji wa kwanza, na kutoka hapo historia huanza kwenda. Katika mwendo wa kawaida, zamu moja ya mwanzo huhesabiwa kuwa miaka arobaini, hata askari anayepanda kilima kimoja hutumia umri wa mtu mzima kufika juu. Tusilicheke jambo hilo sana. Kila mtungaji hufupisha na hurefusha wakati apendavyo, na msimulizi wa hadithi anaposema "siku nyingi zikapita" hufanya vivyo hivyo.

Moyo wa mchezo ni mji. Mji hukusanya mapato ya namna sita: chakula, nguvu ya kazi, dhahabu, elimu, utamaduni na imani. Kila raia hula vipimo viwili vya chakula katika kila zamu. Tuchukue mfano wa mji wenye raia watatu. Watakula vipimo sita. Ikiwa mji hupata vipimo vinane, viwili husalia na kuwekwa ghalani, na ghala likijaa raia wa nne huzaliwa. Sasa mchezaji akitaka kujenga upesi, anaweza kumtoa raia mmoja shambani na kumpeleka machimboni. Nguvu ya kazi itaongezeka, lakini chakula kitapungua, na huenda yule raia wa nne asizaliwe kabisa. Tena mji ukitoa walowezi wa kwenda kujenga mji mwingine, raia mmoja hupungua katika mji uliowatoa. Aidha, chakula peke yake hakitoshi: watu wakikosa makazi, mji hudumaa; wakikosa starehe, hukunja uso na kazi hulegea. Mchezo mzima umejengwa juu ya msingi huu, kwamba kila kipatikanacho kimelipiwa na kitu kilichoachwa.

Elimu nayo ina njia yake. Maarifa yamepangwa kama matawi ya mti, na huwezi kulishika tawi la juu kabla ya kupita la chini. Lakini watungaji wameongeza kanuni moja ninayoipenda sana. Mchezaji akifanya jambo fulani kwa vitendo, sehemu ya maarifa yanayohusiana nalo hupatikana bure. Akijenga mji ufukweni, watu wake hujifunza usafiri wa baharini kwa urahisi zaidi. Akichimba mawe, uashi humjia upesi. Akikutana na taifa jingine, kazi ya kuvumbua maandishi hupungua. Kwa kanuni hii taifa la pwani hugeuka mabaharia bila ya kuamriwa, na taifa la milimani hushika njia nyingine. Wahenga waliposema kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi walikuwa na maana hiyo hiyo.

Mwishowe, kuna njia kadhaa za kushinda. Mchezaji anaweza kuiteka miji mikuu yote ya wenziwe. Au kueneza dini yake iwe kubwa katika kila taifa. Au kuvuta wageni wengi kwa uzuri wa utamaduni wake. Au kuwatanguliza watu wake katika safari za sayari nyingine. Nyongeza ya mwaka 2019 iliyoitwa Gathering Storm iliongeza ushindi wa mashauriano baina ya mataifa. Ikiwa hakuna aliyefanikiwa hata zamu zikaisha, wachezaji huhesabiwa alama.

Sasa tuje kwenye uhakiki. Mnapohakiki riwaya, huuliza habari za wahusika, lugha na maudhui. Mchezo unataka maswali mengine, kwa sababu mtungaji wake hasemi kwa maneno bali kwa kanuni. Kanuni ni kauli. Anayetunga kanuni husema, bila ya kufumbua kinywa, "Dunia ndivyo ilivyo." Kwa hiyo mhakiki aulize: kanuni hii inahesabu nini, inampa thawabu nani, na ni kitu gani ambacho haikihesabu kabisa?

Tujaribu maswali hayo kwanza juu ya bao tunalolijua. Bao la Kiswahili lina kete sitini na nne. Ukila kete za mwenzako huzitupi nje. Unazipanda katika mashimo yako nazo zinakufanyia kazi. Tangu zamu ya kwanza hata ya mwisho, kete ni zile zile sitini na nne. Zinahama tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Bao basi linasema kwamba mali ya dunia haiongezeki wala haipungui, na kwamba ushindi ni kuvuta upande wako kilichokuwa upande wa pili. Civilization husema kinyume chake. Humo mali huzaliwa mpya: shamba huzaa, watu huongezeka, maarifa hupanda, na kete iliyoshindwa vitani hufa, ikaondoka ubaoni. Hakuna mmoja kati ya michezo hii miwili anayesema ukweli mtupu. Lakini anayeijua yote miwili anaziona kauli zote mbili, wala hatanaswa na hata moja.

Kwa kipimo hicho, Civilization VI ina sifa za kweli, nami sitazificha. Inafundisha kwamba uchaguzi una gharama. Kijana aliyewahi kuchagua kati ya shamba na machimbo, akaona mji wake umedumaa kwa uchaguzi wake, ameelewa somo la uchumi ambalo mimi nililifundisha kwa chaki muda wa wiki mbili na wengi wakasinzia. Inafundisha kwamba mahali alipo mtu humtengenezea maisha, bila ya kumfunga kabisa. Na ile nyongeza ya mwaka 2019 ilileta kanuni yenye ujasiri: mataifa yakichoma makaa ya mawe na mafuta kwa wingi, hali ya hewa hugeuka, bahari hupanda, na vitalu vya pwani vilivyo chini huzama. Huzama hata vya yule ambaye hakuchoma chochote. Nimemwona mwanafunzi akilalamika, "Lakini mimi sikuchoma, Mwalimu!" Nikamwambia kwamba malalamiko hayo hayo yamesemwa na watu wengi walio hai katika visiwa vya chini vya dunia.

Lakini kuna mahali ambapo kauli ya mchezo huu ni mbovu, na ubovu wake unatuhusu sisi hasa. Mahali pa kwanza ni ardhi.

Katika mchezo, ardhi iliyomo ndani ya mpaka wa mji ina mwenyewe, na iliyo nje ya mpaka wa mji wowote haina mwenyewe. Hapana hali ya tatu. Walowezi wakifika mahali hapo, hawamwombi mtu ruhusa wala hawalipi kitu. Wanajenga, na tangu zamu hiyo ardhi ni yao. Mkenya hawezi kuisoma kanuni hii bila ya kushtuka, maana neno walowezi kwetu si jina la kete. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 ilimpa Kamishna wa Kiingereza uwezo wa kuwauzia na kuwakodishia walowezi ardhi iliyohesabiwa kuwa haikaliwi na wenyeji. Na sheria ya mwaka 1915 ikaongeza muda wa kukodi hadi miaka 999. Mfugaji aliyehamisha ng'ombe wake kwa sababu ya kiangazi, akikusudia kurudi mvua zikinyesha, alionekana kama mtu aliyeiacha ardhi yake. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai walitolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia. Na kwa mapatano ya mwaka 1911 wakatolewa Laikipia nako, wakasukumwa kusini. Walikwenda mahakamani mwaka 1913, wakashindwa. Maofisa walioyafanya mambo haya walitazama ramani, wakaona mahali pasipo na mji, wakasema ni patupu. Hiyo ndiyo kanuni ya Civilization VI, neno kwa neno.

Mchezo unajua, hata hivyo, kwamba mahali pale si patupu hasa, kwa hiyo unaweka watu wa namna mbili nje ya miji. Namna ya kwanza ni vijiji vidogo. Mchezaji akiingiza askari wake katika kijiji, kijiji humpa zawadi, labda dhahabu, labda maarifa; kisha kijiji hutoweka, kisionekane tena mpaka mwisho wa mchezo. Kwetu husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mchezo huu mgeni akija mwenyeji haponi. Hutoa alicho nacho, akafutika. Namna ya pili ni wale walioitwa washenzi. Kambi zao huzuka katika ardhi isiyo na mwenyewe na isiyotazamwa na mtu. Mpelelezi wao akiuona mji, hukimbia kupeleka habari kambini, na baadaye kundi la wavamizi huja. Hawana jina wala kiongozi. Hawana mji, na kwa hiyo hawawezi kushinda. Hata njia moja ya ushindi haikuwekwa kwa ajili yao. Na tena, kumbukeni ile kanuni niliyoisifu, ya maarifa yanayopatikana kwa vitendo. Mchezaji akiwaua watatu katika watu hawa, watu wake hupiga hatua katika elimu ya kufua shaba. Kanuni njema kabisa ya mchezo imetumiwa hapa kusema neno baya kabisa.

Nililitafakari jambo hili, nikaona kwamba mzizi wake uko katika jina la mchezo wenyewe. Neno civilization limetoka katika Kilatini, katika neno lenye maana ya raia wa mji. Kwa hiyo aliyelitumia kwanza alikwisha kuamua kwamba asiye na mji hana daraja. Lakini tusiwacheke Wazungu peke yao. Sisi hulifasiri neno hilo kwa kusema ustaarabu, na ndani ya ustaarabu amekaa Mwarabu. Maana asili ya neno hilo ni kuwa kama Waarabu. Na kinyume cha mstaarabu, watu wa pwani walisema mshenzi, wakawakusudia watu wa bara, yaani babu zetu wengi tunaosoma kitabu hiki. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mji hupima watu kwa mji, na pwani hupima watu kwa pwani. Kosa la mchezo si kwamba una kipimo. Hakuna mchezo usio na kipimo. Kosa ni kwamba kipimo cha mtu mmoja kimefanywa kuwa kimo cha binadamu wote.

Mahali pa pili ni Unguja. Waswahili hawamo katika toleo la sita kama taifa la kuchezwa, lakini wamo kwa njia mbili nyingine, na ni wajibu wangu kuzieleza zote mbili. Njia ya kwanza ni Kilwa Kisiwani, ambayo iliingizwa mwaka 2018 kuwa mojawapo ya maajabu ya dunia. Taifa linaloijenga hupata wajumbe watatu wa kupeleka katika miji huru, na faida ya urafiki wa miji hiyo huongezeka. Hapa nawapongeza watungaji, kwa sababu wameifahamu Kilwa. Ibn Battuta alipoitembelea mwaka 1331, mji ule wa mawe ya matumbawe ulikuwa umetajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala na kwa uhusiano wake na bandari za mbali, si kwa upana wa ardhi yake. Kuifanya Kilwa chemchemi ya wajumbe ni kuielewa historia.

Njia ya pili ni Unguja yenyewe, iliyo mojawapo ya miji huru. Taifa lililopeleka wajumbe wasiopungua watatu, tena wengi kuliko wa taifa jingine lolote, huwa na himaya juu yake. Na mwenye himaya ya Unguja hupata karafuu na mdalasini. Anasa ya kawaida hutuliza miji minne. Karafuu ya Unguja hutuliza miji sita, na mdalasini vile vile. Wala haiwezekani kuzipata mali hizo mahali pengine popote katika mchezo. Wanafunzi wangu waliifurahia kanuni hiyo, wakasema, "Tazama, Mwalimu, karafuu ya kwetu imewashinda wote!"

Nilifurahi pamoja nao, kisha nikawauliza: karafuu ile imechumwa na nani? Mkarafuu si mti wa asili ya Unguja. Ulitoka visiwa vya Maluku, na Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, ndiye aliyehimiza upandwe kwa wingi. Mashamba yale yalilimwa na watumwa waliotolewa bara, wengi wao wakivushwa bahari kutoka pwani ya Tanganyika. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 katika enzi ya Sayyid Barghash, na hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1897. Katika mchezo, karafuu huonekana ghalani mara mjumbe wa tatu anapofika. Hakuna anayepanda, hakuna anayechuma, hakuna anayeanika. Mchezo ambao umehesabu kwa uangalifu vipimo viwili vya chakula cha kila raia haukumhesabu hata mtu mmoja wa shamba la karafuu. Na neno himaya nalo si geni Unguja: mwaka 1890 Waingereza waliiweka nchi ile chini ya himaya yao, wala hawakuja na wajumbe watatu.

Yapo majibu mawili ambayo mtetezi wa mchezo huu angeweza kunipa, na ni haki nizisikilize hoja zake. La kwanza ni kwamba watungaji wamejirekebisha. Ni kweli. Mwaka 2021 waliongeza namna mpya ya kucheza, ambayo ndani yake koo zile za nje ya miji zinaweza kuhongwa, kukodiwa, na hata kukua zikawa miji huru. Hii ni hatua njema. Lakini tazameni vizuri heshima iliyotolewa: watu wale huheshimiwa wanapogeuka kuwa mji. Mfugaji akibaki mfugaji, bado hana njia ya kushinda.

Jibu la pili ni kwamba huu ni mchezo tu, na anayetafuta historia aende maktaba. Jibu hili ni jepesi mno. Mwaka 2018 mchezo ulipomwingiza Poundmaker, kiongozi wa Wacree wa Kanada katika karne ya 19, Milton Tootoosis, mmoja wa viongozi wa jamii yenye jina la shujaa huyo, alilalamika hadharani. Alisema kwamba jambo hilo linaendeleza dhana kuwa watu wake walikuwa na maadili kama ya wakoloni, maadili ya kushinda watu wengine na kuichukua ardhi yao. Angalieni kwamba hakulalamikia tusi. Babu yake alipewa sura nzuri na kiti cha enzi. Lililomchoma ni kanuni: Poundmaker aliruhusiwa kuingia katika mchezo kwa sharti la kucheza kama wale waliomfunga gerezani. Wapenzi wa michezo ya namna hii wenyewe wameieleza tangu mwaka 1993 kwa maneno manne, ambayo kwa Kiswahili ni kuvumbua, kupanuka, kuchuma na kuangamiza. Anayeingia ukumbi huo hana budi kucheza ngoma ya humo.

Basi nirudi kwa mwanafunzi wangu, maana deni la swali hulipwa kwa jibu. Mwanangu, katika mchezo huu babu yako angekuwa nje ya mpaka, katika ardhi iliyoandikwa kuwa haina mtu. Lakini ardhi ile ilikuwa na mtu, naye ni yeye. Alijua majina ya visima ambavyo ramani haikuvionyesha. Alijua mwezi wa kuondoka na mwezi wa kurudi, alijua ng'ombe wa nani amekopeshwa kwa nani kwa vizazi vitatu, na alijua kuiacha nyasi ipumzike ili isife. Yote hayo ni maarifa, tena yana gharama na thawabu, na mtungaji hodari angeweza kuyatungia kanuni. Hayamo katika mchezo kwa sababu aliyeutunga hakuwa amekaa karibu na babu yako. Huo ni upungufu wa mchezo. Usikubali hata siku moja kuambiwa kwamba ni upungufu wa babu yako.

Wala siwaambii muache kuucheza. Nimeucheza mwenyewe usiku mwingi kuliko ninavyopenda kukiri, na ule usemi wa wachezaji, wa "zamu moja tu, kisha nilale", umenikawiza mara nyingi mpaka jogoo akawika. Uchezeni, lakini uchezeni kama wasomaji. Mkipewa thawabu, ulizeni ni kwa tendo gani. Mkiona mahali patupu, ulizeni nani alipafuta. Na mkiwa na ubao na kalamu, kaeni wawili watatu mjaribu kutunga kanuni chache za mchezo wa watu wanaohama: wanashinda kwa nini, wanapoteza nini, na mvua isiponyesha kwa zamu tatu wanafanyaje? Kazi hiyo niliwapa wale wanafunzi wanne. Yule mmoja ndiye aliyeshika kalamu, na wenzake watatu wakawa wanamwuliza.